Mkataba uliompandisha James Stewart farasi

Ukitaja makauboi wa sinema ya Marekani, jina la kwanza kumjia mtu ni John Wayne, kisha Clint Eastwood. James Stewart huachwa nyuma kwa sababu wengi wanamkumbuka kwa mengine: baba wa familia aliyezidiwa na madeni usiku wa Krismasi, au mpiga picha aliyevunjika mguu ambaye kutwa anachungulia madirisha ya majirani. Lakini kati ya 1950 na 1970 mtu huyu mrefu, mwembamba, mwenye kuvuta maneno kana kwamba anayatafuta ardhini, aliigiza katika filamu za kauboi takriban kumi na tano. Mwaka 1955, wenye majumba ya sinema Marekani walipoulizwa ni nyota gani anawajazia viti kuliko wote, jibu lilikuwa yeye.

Kuna hadithi inayosimuliwa kila anapotajwa: kwamba mwaka 1950 Stewart alikuwa mwigizaji wa kwanza kulipwa kwa asilimia ya faida badala ya mshahara, akatajirika, na utawala wa studio za Hollywood ukaporomoka. Kuna ukweli ndani yake, na kuna chumvi. Kinachoachwa nje ni jinsi hesabu yenyewe ilivyofanya kazi, na jinsi ilivyogeuza aina ya mtu ambaye Stewart aliigiza.

Alizaliwa tarehe 20 Mei 1908 katika mji mdogo uitwao Indiana, ambao uko jimbo la Pennsylvania, si jimbo la Indiana. Baba yake alikuwa na duka la hadiwea. Kijana alisomea usanifu majengo katika chuo kikuu cha Princeton na kumaliza mwaka 1932, wakati uchumi wa Marekani umelala chali na hakuna aliyekuwa akijenga chochote. Akajiunga na kundi la vijana wa maigizo huko Massachusetts. Ndiko alikoanza urafiki na Henry Fonda, urafiki uliodumu maisha yao yote ingawa siasa zao hazikupatana. Mwaka 1935 akasaini na studio ya MGM.

Mkataba wa studio wa enzi hizo uliitwa wa miaka saba, lakini kwa kweli uliufunga upande mmoja tu. Kila baada ya kipindi fulani studio ilikuwa na hiari ya kumwacha mwigizaji; mwigizaji hakuwa na hiari ya kuondoka. Alilipwa kwa wiki. Alipangiwa filamu. Akikataa, alisimamishwa bila malipo, na siku alizosimamishwa zikaongezwa mwishoni mwa mkataba, kwa hiyo miaka saba ingeweza kuwa tisa. Pia studio iliweza kumwazimisha kwa studio nyingine kwa bei iliyoipanga yenyewe, na ziada juu ya mshahara wake ikabaki mfukoni mwa studio. Filamu mbili zilizompa Stewart jina mwaka 1939 zote zilikuwa za kuazimwa: Mr. Smith Goes to Washington ilikuwa ya Columbia, na Destry Rides Again, filamu yake ya kwanza hasa ya kauboi, akiwa na Marlene Dietrich, ilikuwa ya Universal. Katika hiyo ya pili yeye ni mlinda sheria asiyetaka kubeba bastola. Ni vichekesho zaidi ya vita. Ukiitazama huwezi kubashiri alichokuja kufanya baada ya miaka kumi na moja.

Katikati pakawa na Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilimkataa mara ya kwanza kwa sababu ya uzito mdogo. Akaingia Machi 1941, miezi kabla ya Japani kushambulia Pearl Harbor na kuiingiza Marekani vitani, na tayari ana tuzo ya Oscar, ambayo baba yake aliiweka kwenye dirisha la duka. Kufikia mwishoni mwa 1943 alikuwa kituo cha Tibenham, Norfolk, Uingereza, akiongoza kikosi cha ndege za mabomu aina ya B-24. Aliruka misheni ishirini zilizoandikishwa rasmi juu ya Ulaya iliyoshikwa na Wajerumani. Aliingia kama askari wa kawaida na kumaliza vita akiwa kanali. Hakupenda historia hiyo itumike kuuza tiketi, na hata uzeeni aliizungumzia kwa maneno machache mno.

Aliporudi mwaka 1945 mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Kwanza, mahakama ya rufaa ya California, katika kesi ya mwigizaji Olivia de Havilland dhidi ya studio ya Warner Bros. mwishoni mwa 1944, ilikuwa imeamua kwamba miaka saba ni miaka saba ya kalenda, bila nyongeza za kusimamishwa. Pili, wakala wake Leland Hayward aliuza biashara yake kwa kampuni kubwa ya uwakala, MCA, na Stewart akaangukia mikononi mwa Lew Wasserman, mtu ambaye aliwahi kuwaonyesha watu viti katika jumba la sinema Cleveland na sasa alikuwa njiani kuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote Hollywood. Stewart hakurudi MGM. Akawa mtu huru.

Uhuru huo haukumlipa haraka. It's a Wonderful Life ya 1946, ambayo leo huonyeshwa kila Krismasi, iliitia studio ya RKO hasara ya zaidi ya nusu milioni ya dola. Magic Town ya 1947 ilianguka. Watazamaji walikuwa wamemzoea kama kijana mpole wa mashambani, na sasa alikuwa mtu wa karibu miaka arobaini mwenye uso wa mtu aliyeona mengi.

Hesabu ya asilimia

Universal ilikuwa studio ya daraja la pili, isiyo na fedha nyingi, na ilikuwa imeshika haki za mchezo wa jukwaani wa Harvey, ambao Stewart aliutaka kwa udi na uvumba. Bei yake kwa filamu ilikuwa takriban dola 200,000. Universal haikuweza. Katika mazungumzo hayo hayo palikuwa na filamu nyingine mezani, Winchester '73, hadithi ya bunduki moja inayopita mkono hadi mkono huku mtu mmoja akimsaka mwingine. Wasserman akapendekeza kwamba kwa filamu hiyo ya kauboi Stewart asilipwe mshahara wa awali, bali agawane faida na studio, nusu kwa nusu.

Hapa ndipo wasimulizi wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye utajiri. Tusimame kwanza, kwa sababu neno “faida” lina vyumba vingi. Nitumie tarakimu za kubuni, zilizo rahisi kukokotoa.

Tuseme watu wamelipa dola milioni 6 milangoni. Nusu hivi inabaki kwa wenye majumba ya sinema. Milioni 3 zinamfikia msambazaji, ambaye kwa filamu hii ni studio yenyewe, na anakata ada yake ya usambazaji. Iwe asilimia 30, yaani 900,000. Zimebaki milioni 2.1. Ondoa 500,000 za kuchapisha nakala na matangazo. Ondoa 900,000 za kutengeneza filamu na 50,000 za riba. Kilichobaki, 650,000, ndicho kinachoitwa faida halisi, na nusu ya mwigizaji ni 325,000. Amezidi mshahara wake wa kawaida kwa mbali.

Sasa tuseme milango imeingiza milioni 3 badala ya 6. Zinazomfikia msambazaji ni milioni 1.5. Ada ya asilimia 30 ni 450,000. Matangazo na nakala vinakula 500,000. Zinabaki 550,000, ambazo hazitoshi kurudisha gharama ya kutengeneza. Mwigizaji anapata sifuri. Lakini angalia vizuri: studio imekwisha kupokea ile ada ya 450,000. Anayeshika daftari hula mara mbili, mara moja kama msambazaji na mara ya pili kama mshirika. Ndiyo maana miaka ya baadaye nyota wenye nguvu walidai asilimia ya mapato ghafi, yanayohesabiwa kabla ya makato, na walioambulia “faida halisi” walijikuta wakiambiwa kwamba filamu iliyojaza majumba dunia nzima bado iko kwenye hasara. Mwaka 1990 jaji wa Los Angeles alifika mahali pa kusema kwamba fomula kama hiyo ya Paramount haikuwa ya haki hata kidogo. Ilikuwa kesi ya mwandishi Art Buchwald kuhusu Coming to America, ile picha ya Eddie Murphy na mwana wa mfalme kutoka Afrika.

Stewart alikuwa na bahati kwamba makubaliano yake yalifanywa na studio iliyomhitaji, kupitia wakala aliyejua kusoma daftari. Winchester '73 iliuza vizuri sana, na fungu lake hutajwa kuwa takriban dola 600,000, mara tatu ya mshahara ambao Universal ilishindwa kulipa. Harvey, ile aliyoitaka kwa moyo, haikuingiza fedha kama ilivyotarajiwa.

Kwa nini studio ikubali kutoa nusu? Kwa sababu ilikuwa taabani. Mahudhurio yalikuwa yakishuka tangu kilele cha 1946. Watu walihamia viungani mwa miji na televisheni ikaingia sebuleni. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ilizipiga studio marufuku kuwalazimisha wenye sinema kununua filamu kwa mafurushi, nzuri na mbaya pamoja, na zile kubwa zikaamriwa kuachana na majumba yao. Universal haikuwa na majumba ya kupoteza, ila ilipoteza uhakika wa kuuza. Kuanzia hapo kila filamu ilibidi ijitetee yenyewe. Mwigizaji anayekubali kutolipwa mwanzoni alikuwa anaipunguzia studio mtaji wa kutafuta na kubeba sehemu ya hatari.

Upande wa Stewart kulikuwa na kodi. Katika miaka ya 1950 kiwango cha juu cha kodi ya mapato Marekani kilikuwa asilimia 91, na kwa muda mfupi 92. Si mapato yote yaliyokatwa hivyo, bali sehemu inayozidi kiwango fulani; hata hivyo kwa nyota aliyelipwa fedha nyingi ndani ya mwaka mmoja, dola za mwisho zilikuwa karibu zote za serikali. Faida ya filamu huja polepole, mwaka hadi mwaka, kadiri picha inavyozunguka. Fedha ile ile ikigawanywa katika miaka kadhaa hukatwa kidogo. William Holden, ambaye naye alipanda farasi katika filamu nyingi, alipochukua asilimia 10 ya The Bridge on the River Kwai mwaka 1957, alipanga kabisa apokee dola 50,000 tu kwa mwaka. Ni Holden huyo huyo aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mount Kenya Safari Club pale Nanyuki mwaka 1959.

Je, Stewart alikuwa wa kwanza? La. Wachekeshaji Ndugu wa Marx walikuwa na asilimia 15 ya mapato ghafi huko MGM mwaka 1935, na mwigizaji James Cagney alianzisha kampuni yake mwaka 1942. Stewart alikuja wakati studio zimelegea, akafanikiwa waziwazi, kisha akarudia makubaliano ya namna hiyo filamu baada ya filamu. Mawakala wengine walihitaji mfano wa kuonyesha mezani, wakaupata.

Mtu mpole anapokasirika

Anayegawana faida ana sababu ya kuuliza nani ataongoza. Mwongozaji wa kwanza aliyepangwa, Fritz Lang, alikuwa amejitoa, na Stewart akaunga mkono jina la Anthony Mann, ambaye alikuwa amejulikana zaidi kwa filamu ndogo za uhalifu, zenye vivuli vizito. Mann alileta vivuli hivyo jangwani. Stewart naye alijifunza bunduki hadi mikono ikachubuka; mtaalamu wa kulenga shabaha wa kampuni ya Winchester, Herb Parsons, alimfundisha na kupiga zile shabaha za maajabu zinazoonekana kwenye picha.

Kuna tukio moja ambalo nadhani linaeleza kila kitu. Stewart anamkuta mhuni anayeigizwa na Dan Duryea kwenye baa. Ghafla anamkunja mkono, anambamiza uso juu ya kaunta, na kamera inakaa karibu na uso wake. Macho yamemtoka. Anaelekea kufurahia. Mtazamaji wa 1950, aliyemjua kama kijana wa duka la baba yake, alishtuka, na ndivyo Mann alivyotaka. Steringi wa kawaida wa filamu za kauboi hapotezi akili. Anapiga risasi kwa utulivu, anavaa kofia, anaondoka. Steringi wa Mann na Stewart anatetemeka.

Walitengeneza pamoja filamu nane kati ya 1950 na 1955, tano zikiwa za kauboi. Bend of the River. The Naked Spur, iliyopigwa milima ya Colorado, ambapo anawinda mtu kwa ajili ya zawadi ya fedha na mwishoni anaburuta maiti huku analia kwa hasira na aibu. The Far Country, ambamo ni mbinafsi asiyetaka jirani. The Man from Laramie, ambamo anashikwa na kupigwa risasi kiganjani kwa karibu, na kilio chake si cha shujaa hata kidogo. Kwangu The Naked Spur ndiyo kilele: waigizaji watano tu wenye maneno, mlima, na mtu anayejichukia.

Wengi wamesema hasira hiyo ilitoka vitani. Inawezekana, lakini Stewart mwenyewe hakuwa mtu wa kufungua kifua, na mimi naona hatari ya kumgeuza mwigizaji kuwa mgonjwa wetu. Tunachoweza kusema bila kubahatisha ni kwamba mtu mwenye miaka arobaini na zaidi, aliyeona picha zake za upole zikianguka, alikuwa na sababu ya kujaribu sura nyingine, na sasa mkataba wake ulimpa nafasi ya kuchagua. Chini ya MGM ya 1938 angepangiwa.

Ushirikiano uliisha vibaya. Mann alijitoa katika Night Passage ya 1957 kwa kuona hadithi yenyewe ni dhaifu. Stewart, aliyeipenda kwa sababu, pamoja na mengine, ingempa nafasi ya kupiga kodiani yake, hakumsamehe. Hawakufanya kazi pamoja tena hadi Mann alipofariki mwaka 1967. Filamu ikatengenezwa na mwongozaji mwingine, na si nzuri. Asilimia humpa mwigizaji sauti, lakini sauti hiyo hutumika pia kutetea kodiani.

Sura nyingine ya filamu hizi haipendezi, na hakuna sababu ya kuifunika. Katika Winchester '73 chifu wa Wahindi Wekundu ni Rock Hudson aliyepakwa rangi. Broken Arrow, ya mwaka huo huo wa 1950, ilisifiwa kwa kuwaonyesha Waapache kama watu wenye neno na heshima, na Stewart ndani yake anajifunza lugha yao ili kutafuta amani na kiongozi wao Cochise. Cochise huyo aliigizwa na Jeff Chandler, mzungu mzaliwa wa Brooklyn. Jay Silverheels, Mmohawk kwa kuzaliwa, alipewa nafasi ndogo ya Geronimo. Kwa wakati wake ilikuwa hatua. Ukiitazama leo unaona jinsi hatua hiyo ilivyokuwa fupi.

Kwa karibu miaka ishirini Stewart alipanda farasi mmoja, Pie, mdogo kidogo kwa mtu wa kimo chake, ambaye mmiliki wake alikataa katakata kumuuzia. Alipenda kusimulia kwamba katika The Far Country farasi alitakiwa kutembea peke yake barabarani bila mpandaji, kengele ikilia kwenye tandiko. Akamnong'oneza sikioni, na Pie akafanya mara moja bila kurudia. Fonda, aliyekuwa na mkono mzuri wa kuchora, alimtengenezea picha ya farasi huyo kwa rangi ya maji.

Kufikia miaka ya 1960 aliingia mikononi mwa John Ford. Katika The Man Who Shot Liberty Valance ya 1962 anaigiza wakili kijana, naye ana miaka hamsini na mitatu, na haifichiki. Lakini filamu inabebwa na jambo jingine: wakili huyo anapanda hadi useneta juu ya sifa ya risasi ambayo kwa kweli aliipiga mwingine, John Wayne. Baada ya hapo nyingi ni za wastani. Tarehe 8 Juni 1969 Ronald, mwana wa mkewe Gloria ambaye Stewart alimlea, aliuawa Vietnam akiwa luteni wa kikosi cha Marines. Binti wa Stewart, Kelly, alifuata njia mbali kabisa na sinema: katika miaka ya 1970 alikuwa Rwanda, kituo cha Karisoke, akichunguza sokwe wa milimani pamoja na Dian Fossey.

Wasserman naye alivuka meza. MCA ilinunua kiwanja cha Universal mwishoni mwa miaka ya 1950 na studio yenyewe mwaka 1962. Serikali ikailazimisha kuchagua kati ya kuwa wakala wa waigizaji na kuwa mwajiri wao, ikafunga uwakala. Aliyeibana Universal kwa niaba ya Stewart sasa alikuwa ndiye Universal.

Kumiliki kipande cha filamu kulikuja pia na madai. Kampuni ya Stewart na Alfred Hitchcock ilikuwa imemiliki Rear Window ya 1954, ile ya mpiga picha aliyevunjika mguu. Mwandishi wa hadithi iliyozaa filamu hiyo alifariki mwaka 1968 kabla ya kuhuisha hakimiliki, na mfanyabiashara mmoja akanunua haki hizo kutoka kwa benki iliyosimamia mirathi yake kwa dola 650 na asilimia 10 ya kitakachopatikana. Filamu iliporudishwa sinema na kwenye kaseti miaka ya 1980, ikaingiza zaidi ya dola milioni 12, naye akashtaki. Mwezi Aprili 1990 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, majaji sita kwa watatu, kwamba anastahili. Walioshindwa kwa pamoja walikuwa warithi wa Hitchcock, MCA, na mzee wa miaka themanini na moja ambaye jina lake ndilo linaloongoza kesi hiyo katika vitabu vya sheria. Stewart alifariki Beverly Hills tarehe 2 Julai 1997.